Alipoomba Kuonyeshwa Jiko

Kwa miaka ishirini na sita mama huyu alikuwa na chumba chake mwisho wa ukumbi wa hospitali, kati ya dirisha la dawa na chumba cha eksirei. Kilikuwa chumba kidogo kiasi kwamba mgonjwa akiingia, ilibidi mmoja wao aketi kwanza ndipo mwingine aweze kufunga mlango. Lakini kilikuwa chake. Humo alikuwa na mizani, utepe wa kupimia mkono, na kabati lililojaa vyakula vya plastiki: kipande cha samaki, yai lililokatwa katikati, kiazi, fungu la mboga, na ndizi iliyopauka rangi kwa kushikwashikwa. Alikuwa mtaalamu wa lishe, yule ambaye daktari akishamaliza kuandika dawa humwambia mgonjwa, "Sasa nenda mlango wa mwisho, ukaambiwe ule nini." Wagonjwa walimwita Bi Kipimo, maana hakuna aliyewahi kumwambia "nakula kidogo tu" akaachwa hivyo hivyo. "Kidogo cha kijiko au kidogo cha bakuli?" angeuliza, na kijiko angekitoa mfukoni.

Aliiamini mikono yake. Alibonyeza vifundo vya miguu kuona kama vimejaa maji, aligeuza viganja, alitazama kucha. Mtu akimwambia amepungua mwili, yeye kwanza alitazama mkanda wa suruali umehamia tundu la ngapi.

Basi siku mkuu wa idara alipomwita na kumweleza kwamba chumba kile kinatakiwa kwa ajili ya mashine mpya, na kwamba wagonjwa wake, ambao wengi walitoka mbali, sasa atawahudumia kwa simu ya video akiwa nyumbani, alihisi kama ameambiwa atibu watu kwa kusikia umbea. Alirudi kwake. Mumewe, seremala mwenye karakana uani, alimuuliza mara mbili ana nini. Mara ya tatu akajibiwa.

"Nitamshika vipi mgonjwa mguu kupitia kioo?"

"Hutamshika," seremala alisema. "Utamwambia ajishike mwenyewe."

Jibu hilo halikumfurahisha hata chembe, ingawa baadaye ndivyo alivyokuja kufanya.

Seremala alimtengenezea meza kwa mbao zilizobaki za kabati la mteja, akaiweka katika chumba kilichokuwa cha binti yao mkubwa kabla hajaolewa. Wakakubaliana kwamba kitambaa chekundu kikining'inia dirishani, msumeno unyamaze. Siku za mwanzo zilikuwa kichekesho. Mgonjwa mmoja alizungumza naye nusu saa nzima akimwonyesha dari. Mwingine alipiga akiwa juu ya ngazi, anapaka nyumba rangi, akasema yeye yuko sawa, waendelee tu. Na mara moja Bi Kipimo alitoa maelezo marefu na mazuri kuhusu kupika bila mafuta mengi, akamaliza, akauliza kama kuna swali, ndipo mgonjwa akaandika kwa ujumbe: "Mama, sauti yako haikuwashwa tangu mwanzo."

Alijikaza kisabuni. Baada ya miezi mitatu hivi akawa amezoea, ingawa moyoni bado aliamini kazi ya kweli aliiacha kwenye kile chumba cha mwisho wa ukumbi.

Hapo ndipo alipokabidhiwa Refa.

Refa alikuwa mzee wa miaka sabini na mmoja. Siku za kazi alikuwa karani wa posta, na siku za mapumziko, kwa miaka thelathini, alichezesha mechi za mpira. Wote waliomjua walimwita hivyo, hata binti yake alipozungumza na wateja wake. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Sasa aliishi na binti huyo, msusi, aliyegeuza chumba cha mbele cha nyumba yao kuwa saluni yenye viti viwili na kioo kimoja kirefu. Figo za Refa zilikuwa zimechoka. Hazikuwa zimekufa, daktari alisema, ila zinafanya kazi kama mfanyakazi anayesubiri kustaafu: ukimlundikia mzigo, anaweza kulala chini asiinuke.

Mzigo mbaya kuliko yote ulikuwa potasiamu. Bi Kipimo alimweleza kwa lugha nyepesi siku ya kwanza, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Potasiamu ni madini yaliyomo katika vyakula vingi vizuri: ndizi, viazi, nyanya, mboga za majani, maharage. Figo nzima huitoa ile iliyozidi. Figo iliyochoka huiacha ijae kwenye damu, na ikijaa sana, moyo unaweza kwenda mrama bila hata kupiga hodi.

"Kwa hiyo adui anaingia uwanjani na jezi ya timu yangu," Refa alisema.

"Ndiyo, baba. Hivyo hasa."

"Niorodheshee, dada. Mimi ukinipa sheria nitazifuata."

Na kweli alizifuata. Bi Kipimo alimwomba aandike kila anachokula, na Refa akanunua daftari la jalada gumu, akaanza kuandika kama alivyokuwa akiandika ripoti za mechi. Kila walipozungumza, mara moja kwa wiki mbili, alivaa miwani, akasafisha koo na kusoma. "Saa moja na dakika kumi asubuhi, mkate vipande viwili, yai moja, chai kikombe kimoja. Saa moja na dakika ishirini na tano, nilitamani kipande cha tatu. Sikula." Bi Kipimo aliumauma midomo asicheke. Hakuwahi kupata mgonjwa wa namna hii. Wengine walimwandikia chakula cha malaika, na mizani ikawaumbua. Huyu aliandika hadi tamaa zake.

Alimfundisha kumenya viazi, kuvikata vipande vidogo, kuvichemsha, kumwaga maji, na kuvichemsha tena kwa maji mapya ili sehemu kubwa ya potasiamu itoke. Alimfundisha kuacha chumvi, kwa sababu ya shinikizo la damu. Katika simu iliyofuata Refa alisoma ripoti nzima na chini yake akaongeza, "Chumvi: hakuna."

"Hongera sana, baba," Bi Kipimo alimwambia. "Hapo ndipo wengi wanaponishinda."

Vipimo vya damu vya mwezi uliofuata vilirudi vikiwa juu kidogo. Potasiamu ilikuwa tano na nukta nne, na haitakiwi kupita tano. Alidhani ni bahati mbaya. Akapunguza nyanya kwenye orodha. Mwezi wa pili ikawa tano na nukta nane. Akaondoa maharage kabisa. Mwezi wa tatu ikafika sita kamili, na Refa akapelekwa siku hiyo hiyo kupimwa mapigo ya moyo. Moyo ulikutwa bado unakwenda sawa, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Lakini alisema miguu ni mizito, akipanda ngazi tatu za mlangoni anapumzika kama aliyepanda mlima.

Daktari wa figo akampigia Bi Kipimo. Alikuwa daktari mzuri, kijana bado, mwenye wagonjwa wengi kuliko saa za siku.

"Mama, huyu mzee wako anatuchezea shere," alisema. "Hilo daftari ni mashairi. Mtu anayekula hivyo hawezi kuwa na sita. Ikipanda tena namlaza, na itabidi tuanze kuzungumza habari za kumsafisha damu kwa mashine."

Bi Kipimo alipitia kurasa zote, ambazo binti alikuwa amempigia picha na kumtumia. Alijumlisha kila kiazi. Hesabu haikukubali. Kwa chakula kile, damu ya Refa ilipaswa kushuka. Kwa hiyo ama damu inasema uongo, ama daftari. Na kwa miaka ishirini na sita ya kazi yake, damu haikuwahi kumdanganya.

Katika simu iliyofuata binti alikaa karibu na baba yake, jambo ambalo hakuzoea kulifanya. Alikuwa na mteja anayesubiri chumba cha mbele, nywele nusu zimesukwa. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Baba, sema ukweli tu," alianza yeye kabla hata ya salamu kuisha. "Kwa jirani unakula nini? Ukienda kule kutazama mpira wanakupa nini?"

"Maji," Refa alisema. "Nimeandika. Maji, glasi moja."

Bi Kipimo alipaswa kumtetea, au angalau kunyamaza. Badala yake aliuliza swali ambalo alikuwa amewauliza mamia ya watu, kwa sauti ile ile ya upole aliyowaulizia.

"Baba, kuna kitu ambacho huandiki? Hatutakulaumu. Ni binadamu."

Refa alifunga daftari polepole. Akavua miwani.

"Dada," alisema, "nimechezesha mpira miaka thelathini. Nimetupiwa chupa. Nimetukanwa matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya mwanangu. Nimeitwa kipofu, nimeitwa mjinga. Mwongo, hakuna aliyeniita. Hata waliofungwa."

Kisha picha ikawa nyeusi. Alikuwa ameilaza simu kifudifudi mezani. Bi Kipimo alisikia kiti kikisogezwa, hatua zikienda taratibu, na binti akisema, "Baba, tafadhali." Halafu mtandao ukakatika, au ulikatwa.

Wiki mbili baadaye, saa ya miadi ilipofika, hakuna aliyepokea. Bi Kipimo alipiga mara tatu. Alikaa akitazama uso wake mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, maana hakukuwa na mwingine wa kutazamwa.

Aliumia. Si kwa sababu ya kukosewa heshima. Wagonjwa walikuwa wamemnunia tangu ujana wake. Aliumia kwa sababu alikuwa amemwamini mzee yule, na bado akamuuliza kama mwizi. Mchana ule alikula bila kuonja anachokula. Mumewe alimsogezea bakuli la mchuzi, naye akautia mchuzi mwingi kwenye wali ambao tayari ulikuwa umelowa.

"Una nini?"

"Nina mgonjwa asiyedanganya na damu isiyodanganya," alisema. "Na haviendani."

Seremala alitafuna kidogo. "Mimi nikipima ubao ukakataa kuingia, na kipimo kiko sawa na ubao uko sawa, naenda kuutazama ukuta."

Bi Kipimo alimwambia kwamba wagonjwa si kabati. Lakini alipokuwa akiosha vyombo wazo lile lilimganda. Alijiuliza, katika miezi yote ile, alikuwa ameona nini hasa cha nyumba ya Refa. Uso wake. Daftari. Chupa ya mafuta ya nywele. Kipande cha pazia. Kule hospitalini hakuwa na njia ya kuona zaidi. Mgonjwa alikuja peke yake na jiko akaliacha nyumbani. Sasa jiko lilikuwa hatua kumi kutoka kwenye simu, na yeye aliendelea kufanya kazi kama vile bado yuko kati ya dirisha la dawa na chumba cha eksirei.

Hakusubiri tarehe ya miadi. Kesho yake, saa nne asubuhi, alimpigia binti saluni.

"Shikamoo, mama," binti alisema kwa sauti ya chini. Nyuma yake mashine ya kukausha nywele ilikuwa inavuma. "Hataki. Nimemwambia mara ngapi, hataki."

"Marahaba, mwanangu. Usimwambie tena. Nenda umwambie maneno haya kama yalivyo: nimekosea, namwomba radhi, na leo sitaki kusomewa daftari. Nataka apike chakula cha mchana nikiwa namtazama. Basi."

Binti akaenda. Ilichukua muda. Bi Kipimo alimsikia mteja akilalamika kwamba sikio linamuungua. Halafu picha ikayumba, ukuta ukapita, mlango ukapita, na uso wa Refa ukajaa kioo, bila tabasamu, ndevu hazijanyolewa siku kadhaa.

"Timu ikikata rufaa, refa lazima asikilize," alisema. "Nakusikiliza."

"Nilikuuliza swali ambalo hukustahili kuulizwa, baba. Nisamehe."

"Yameisha," alisema. "Nianze na nini?"

"Na kile ambacho ungeanza nacho nisingekuwepo."

Binti aliiegemeza simu kwenye kopo la unga, akahakikisha jiko lote linaonekana, akakimbilia kwa mteja wake. Kwa mara ya kwanza Bi Kipimo akaona. Jiko la gesi la mafiga mawili. Sufuria tatu zilizong'arishwa hadi zikawa kama vioo. Rafu ya mbao juu ya sinki, makopo yamepangwa kwa urefu kama wachezaji wanaosubiri kukaguliwa. Kitambaa cha kufutia mikono kimekunjwa mara nne.

Refa alimenya viazi viwili. Akavikata vidogo vidogo, sawasawa. Akavichemsha, akamwaga maji yote, akavionyesha kwenye simu bila kuombwa, akatia maji mapya, akachemsha tena. Alisafisha kipande cha samaki, akapima kwa kiganja kama alivyofundishwa. Alitia kijiko kimoja cha mafuta, akakifuta kijiko kwa kidole kuhakikisha hakuna kilichozidi. Hakugusa nyanya. Bi Kipimo alitazama dakika arobaini nzima, mgongo umemuuma, na hakuona kosa hata moja. Alianza kuishiwa nguvu. Labda dawa, aliwaza. Labda maabara. Labda figo zenyewe zimekata kauli.

Refa alipunguza moto, akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua kikopo cheupe chenye mfuniko wa kijani. Akakitikisa juu ya sufuria. Mara moja, mbili, tatu. Akaonja, akatikisa tena.

"Baba," Bi Kipimo alisema, "hicho ni nini?"

"Hiki? Ni kile cha afya."

"Cha afya, ni nini ndani yake?"

"Ni chumvi isiyokuwa chumvi." Akakigeuza kukitazama, kama vile na yeye ndiyo kwanza anajiuliza. "Binti yangu alinunua, ulipotuambia tuache chumvi. Chakula kilikuwa hakipiti, dada. Nilikuwa nakula kama natafuna gazeti. Akaenda duka la dawa akanitafutia hii. Imeandikwa mbele hapa, kwa herufi kubwa, 'Haina sodiamu'. Si ndiyo hiyo sodiamu uliyonikataza?"

"Ndiyo hiyo." Bi Kipimo alisogea karibu na kioo. "Nisomee na nyuma. Herufi ndogo."

Refa akatafuta miwani, akaipata kichwani, akakisogeza kikopo dirishani kwenye mwanga. Alisoma taratibu, kidole kikifuata kila silabi.

"Viungo. Kloridi ya... po-ta-si-amu."

Akasoma mstari wa chini, sauti ikipungua. "Wenye maradhi ya figo wasitumie bila ushauri wa daktari."

Refa alikiweka kikopo mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyegundua kwamba alichobeba ni bomu.

"Zima moto, baba," Bi Kipimo alisema. "Chakula hicho usile. Unakitia mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi kwenye yai. Mchana. Jioni." Alifikiri, maana hakutaka kukosea hata hapa. "Kijiko kidogo kila mara. Siku hizi na nusu, ladha yake ni hafifu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile uliyoniambia hongera."

Bi Kipimo alifumba macho. Miezi mitatu. Kila mwezi yeye akinyofoa nyanya na maharage kwenye sahani ya mzee wa watu, na kila siku potasiamu yenyewe, tupu, ikimwagwa juu kwa kijiko. Chumvi ya namna hiyo si sumu kwa kila mtu. Wenye figo nzima huwa hawana haja ya kuiogopa hivyo. Kwa Refa ilikuwa kama kumwaga mafuta kwenye moto huku mnabishana nani ameuwasha.

"Mbona hukuiandika?" aliuliza, na safari hii lilikuwa swali tu, halina mtego.

"Uliniambia niandike ninachokula. Chumvi si chakula. Na hii hata si chumvi." Akavua miwani. "Kumbe nilikudanganya bila kujua."

"Hukudanganya. Mimi ndiye nilikuambia acha chumvi, nikakupa hongera, nisikuulize umeweka nini mahali pake. Kosa ni langu, baba, naliandika mwenyewe."

Hawakujua kwamba binti amesimama mlangoni. Alikuwa na kitana mkononi na nywele za mteja zimemnasa kwenye kiganja. Alikuwa amekuja kuchukua maji ya moto. Alikitazama kikopo, akamtazama baba yake, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakikagua kila kukicha kama kimeisha, nikinunue kingine. Nimekuwa nikimpa sumu baba yangu."

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia kwa kwikwi, kitana bado mkononi. Bi Kipimo alinyoosha mkono bila kufikiri, ukagonga kioo cha kompyuta. Hapo aliuona umbali kuliko siku yoyote.

Refa ndiye aliyemfikia. Hakuharakisha, miguu yake haikumruhusu. Akamwekea binti yake mkono kichwani.

"Nyamaza," alisema. "Hii si faulo. Faulo lazima mtu awe amekusudia, au awe mzembe. Wewe ulinihurumia nisile magazeti." Halafu akasema, "Mteja wako ataungua sikio la pili."

Binti alicheka katikati ya machozi, cheko baya la pua, akajifuta kwa mkono wa blauzi.

Mengine yalikwenda haraka. Bi Kipimo alimpigia daktari wa figo, akamweleza kwa maneno machache. Daktari akasema aletwe leo, sasa hivi. Mteja wa saluni mwenyewe, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama kama fagio, ndiye aliyewaendesha kwa gari lake hadi hospitali. Damu ilipochukuliwa ikaonyesha sita na nukta mbili. Walimlaza siku mbili, wakamtilia dawa kwenye mshipa, wakamfunga nyaya za kufuatilia moyo. Mashine ya kusafisha damu haikuguswa. Siku ya tatu potasiamu ilikuwa tano na nukta tatu, na Refa akaruhusiwa, akalalamika njia nzima kwamba chakula cha hospitali nacho ni gazeti, tena la jana.

Bado Bi Kipimo hakutulia. Tano na nukta tatu inaweza kuwa kazi ya dawa ya mshipani. Alitaka kuona damu yenyewe, ikiwa nyumbani, kwenye jiko lile lile, bila kikopo. Ilibidi wangoje wiki mbili. Katika wiki hizo alizungumza na Refa kila baada ya siku moja, na karibu mara zote walikuwa jikoni. Walijaribu ndimu. Walijaribu kitunguu saumu kilichokaangwa taratibu hadi kikawa cha dhahabu, pilipili manga, tangawizi, majani ya giligilani yaliyotwangwa. Samaki wa ndimu na tangawizi aliandikwa daftarini, "Saa saba na dakika ishirini. Amepita." Kuku wa pilipili manga peke yake aliandikwa, "Hapana."

Wakati huo huo alichukua orodha ya wagonjwa wake wote wa figo, arobaini na wanne, akawapigia mmoja mmoja na kuwaomba kitu kimoja: wampeleke jikoni wamwonyeshe wanachotia kwenye chakula. Wengine walidhani amerukwa na akili. Bibi mmoja alikataa katakata kwa sababu jiko halijafagiliwa, akamwambia arudi baada ya saa moja, na baada ya saa moja akamwonyesha jiko linalong'aa na kikopo cheupe chenye mfuniko wa kijani. Mgonjwa wa pili mwenye kikopo kama hicho alipatikana siku mbili baadaye. Vipimo vyao vilikuwa havijapanda sana. Kila mmoja alikiacha kikopo chake siku ile ile kilipoonekana.

Majibu ya Refa yalifika Alhamisi, saa tano kasoro asubuhi. Bi Kipimo aliyafungua akiwa amesimama. Nne na nukta sita. Akayasoma tena, akatazama jina la mgonjwa, akatazama tarehe, akasoma mara ya tatu. Ndipo alipokaa. Alishusha pumzi ndefu kiasi kwamba karatasi iliyokuwa mezani ilisogea, na mabega ambayo hakujua ameyakaza wiki zote hizo yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

Alipopiga, walikuwa wote wawili wamebanana mbele ya simu, binti ameshika mkono wa baba yake.

"Nne na nukta sita," alisema, kabla hawajauliza.

Binti alifunika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo hivyo. Refa aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu.

"Mashine?" aliuliza.

"Hakuna mashine, baba. Figo zako bado zimechoka, hilo halijabadilika, na tutazilinda. Lakini mashine haizungumzwi tena kwa sasa. Daktari ameandika hivyo mwenyewe."

"Ameshanipigia," Refa alisema. "Jana, kabla hata ya majibu. Aliniambia alisema daftari langu ni mashairi. Akaomba radhi. Kijana mstaarabu." Akakohoa kidogo. "Ngazi za mlangoni leo nimezipanda zote bila kusimama. Nimeandika."

"Na mimi nimelala, mama," binti alisema kutoka nyuma ya viganja. "Jana nimelala hadi asubuhi. Nilikuwa nimesahau ilivyo."

Miadi yao ikasogezwa kutoka kila wiki mbili hadi kila miezi miwili. Mkuu wa idara alipouliza baadaye, katika kikao, kama kuna mtu angependa kurudishiwa chumba cha zamani, Bi Kipimo alisema angependa siku moja kwa wiki ya kuwashika watu miguu, na siku zilizobaki aachwe awaone wakipika. Alipewa.

Kulikuwa na chama cha marefa wastaafu, waliokutana kila mwaka kwa chakula cha mchana, na Refa alikuwa amekataa mwaliko mwaka uliopita kwa kuogopa sahani. Mwaka huu aliuliza kama anaweza kwenda. Wakapanga pamoja, yeye na Bi Kipimo, atakavyokaribia meza: wali kwanza, kuku asiye na mchuzi, kabichi, kijiko kimoja tu cha kachumbari, na matunda aruke hadi afike kwenye tufaha. Siku ilipofika, saa saba na nusu mchana, picha iliingia kwenye simu ya Bi Kipimo. Ilikuwa sahani, imepigwa kutoka juu, na pembeni yake vidole vya mzee vikiishikilia isisogee. Aliikuza, akaipekua kona kwa kona. Kuku sawa. Kabichi sawa. Wali ulikuwa umezidi, umezidi kwa karibu vijiko vitatu.

Akaanza kuandika ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine: "Chakula chema, baba." Kisha akaenda jikoni kwake kutazama mumewe amebakiza nini.